Kamera Mpya, Picha Butu: Kumtafuta Mkosaji Kati ya Lenzi, Sensa na Mkono Wako

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi za harusi alinijia Jumatatu asubuhi, siku ambayo wapiga picha wenzetu wote wamelala, begi begani na uso wa mtu aliyechomolewa simu kwenye daladala. Alikuwa amenunua kamera ya megapikseli 45 (picha yenye vinukta, yaani pikseli, milioni 45), ya mkono wa pili, baada ya kuhangaika na ya megapikseli 12 kwa miaka. Lenzi zilikuwa zile zile. Jumamosi akapiga harusi ya kwanza, Jumapili akakaa kuchagua picha, na kila alipovuta uso wa bibi harusi kwenye kompyuta akaona kope zimeyeyuka.

"Kaka, hizi lenzi haziiwezi hii kamera," akasema. "Naziuza zote."

Nikamwambia asiuze kitu kabla ya jioni. Tuliyoyafanya siku ile ndiyo yamezaa mwongozo huu, pamoja na mengine niliyokutana nayo kwa watu wengine. Nimeupanga kwa dalili, kwa kuwa mtu haji na chanzo mkononi. Anakuja na picha mbaya.

Jambo dogo kabla hatujaanza: nikisema sensa simaanishi ile ya kuhesabu watu. Namaanisha kile kibapa kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Ingawa nacho, ukikitazama vizuri, kazi yake ni kuhesabu tu: kwenye kila pikseli, mwanga kiasi gani umeingia.

Dalili: lenzi ni ile ile, lakini picha za kamera mpya ni butu kuliko za kamera ya zamani

Anza hapa hata kama unaamini tatizo lako ni lingine. Wengi huishia hapa hapa na kurudi nyumbani na lenzi zao.

Swali la kwanza nililomuuliza ni hili: unazitazamaje? Akafungua picha ya zamani, akaivuta hadi asilimia 100. Akafungua mpya, akaivuta hadi asilimia 100. Ndipo kosa lilipokuwa. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,200 hivi kwa upana. Ya kwake mpya ina zaidi ya 8,000. Kwenye skrini ya kawaida ya inchi 24, asilimia 100 ya picha ya zamani ni sawa na kuitazama picha yenye upana wa mita moja na kidogo. Asilimia 100 ya picha mpya ni sawa na bango la zaidi ya mita mbili, nawe umelisogelea hadi pua inakaribia kuligusa. Hakuna mteja wa harusi anayetazama picha hivyo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Chukua picha mbili za kitu kimoja, moja ya kila kamera, uzipunguze zote ziwe na upana mmoja, tuseme pikseli 4,000, kisha uziweke ubavu kwa ubavu. Tulipofanya hivyo kwa picha za kijana, zile alizoziita mbovu zikawa sawa na za zamani, na nyingine zikazizidi waziwazi: uzi wa shela ulionekana ambapo zamani kulikuwa na weupe mtupu.

Lenzi haibadiliki ukiifunga kwenye kamera nyingine. Inatupa picha ile ile, yenye uzuri na makosa yale yale. Sensa yenye pikseli nyingi inaieleza picha hiyo kwa undani zaidi, na makosa yanaelezwa pamoja na uzuri. Mtu aliyepewa miwani mpya akaliona vumbi kabatini hawezi kusema miwani ndiyo iliyoleta vumbi.

Hapa niseme kidogo kuhusu kauli inayozunguka sana, kwamba lenzi fulani "inaishia megapikseli 24" na ukivuka hapo unapoteza hela. Haifanyi kazi hivyo. Lenzi na sensa kila moja hupunguza ukali wa vitu vidogo, na unachokipata mwisho ni zao la kuzidisha. Tuseme kwa mistari myembamba ya ukubwa fulani lenzi inapitisha asilimia 60 ya tofauti kati ya weusi na weupe, na sensa inapitisha 70. Picha itabaki na 42. Ukibadili sensa tu ikawa 85, unapata 51. Ukibadili lenzi tu ikawa 80, unapata 56. Upande wowote utakaouboresha, picha inaboreka. Inaboreka kidogo zaidi ukiboresha ule uliokuwa dhaifu, ndiyo, lakini hakuna ukuta ambao lenzi inaugonga ikasimama.

Kuna na lingine linalowashangaza watu. Namba ya megapikseli peke yake haisemi lenzi inabanwa kiasi gani. Kinachobana ni udogo wa pikseli. Nikon D700 ya 2008, megapikseli 12 kwenye sensa kubwa, ina pikseli za mikroni 8.5 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Canon 5DS ya 2015, megapikseli 50 kwenye sensa ya ukubwa ule ule, ina pikseli za mikroni 4.1. Sasa chukua kamera ndogo ya mwanafunzi, megapikseli 24 kwenye sensa ndogo ya APS-C: pikseli zake ni mikroni 3.9 hivi. Yule mwanafunzi na lenzi yake ya plastiki iliyokuja kwenye boksi anaidai lenzi yake zaidi ya bosi mwenye 5DS. Na halalamiki, kwa sababu hajaambiwa alalamike.

Dalili: kila kitu kwenye picha kimevutwa upande mmoja, taa ndogo zimekuwa vijistari

Hii ni mkono wako, au ni kamera imetikisika. Lenzi mbovu hupanua nukta ya taa ikawa duara au mbawa. Mtikisiko huifanya mstari, na mistari yote huelekea upande mmoja. Tafuta taa ya mbali au mng'ao kwenye hereni, vuta, utazame umbo lake.

Tulifungua taarifa za picha za Jumamosi. Lenzi ya milimita 85, kasi ya shata (muda ambao sensa inapokea mwanga) 1/80 ya sekunde. Kanuni ya wazee ilisema kasi isipungue moja juu ya urefu wa lenzi, hapa 1/85, kwa hiyo hapo alikuwa anachechemea hata kwa kanuni ya wazee. Na kanuni yenyewe ilitungwa enzi za filamu na picha za kuweka kwenye albamu. Mkono ukicheza kiasi cha mikroni 8 kwenye sensa, kamera ya zamani iliona pikseli moja, haikusema kitu. Kamera mpya inaona pikseli mbili, inakusema. Siku hizi mimi na milimita 85 sishuki chini ya 1/200 nikishika kwa mkono, na watu wakicheza nakwenda 1/250 au zaidi, hata kama lazima ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande.

Kizuia mtikisiko cha kwenye lenzi au kamera kinasaidia mkono wako. Hakimsaidii mjomba anayerusha mikono kwenye sebene.

Ukiwa kwenye stendi ya miguu mitatu na bado unaona vijistari, angalia kasi za katikati, kama 1/30 hadi 1/4. Kamera zenye kioo cha ndani hujitikisa zenyewe kioo kinaporuka. Tumia skrini ya nyuma, weka kuchelewa kwa sekunde mbili, ondoa mkono. Kama lenzi yako ni ya zamani na ina kizuia mtikisiko, kizime ukiwa kwenye stendi, maana baadhi yao hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuumba.

Dalili: mtu butu, lakini ukuta, sikio au ua lililo nyuma yake ni kali

Kama kuna kitu chochote kikali mahali popote kwenye picha, lenzi imeonyesha kwamba inaweza. Umekosa fokasi. Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo watu hukimbilia kuiita "lenzi mbovu" kuliko zote.

Hesabu inasaidia kuelewa kwa nini. Milimita 85, tundu la kuingizia mwanga f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu liko wazi zaidi), mtu yuko mita mbili. Kwa kipimo cha vitabu, eneo lenye ukali lina unene wa sentimita 6 hivi. Lakini kipimo hicho kinachukulia picha ndogo inayotazamwa kwa utulivu. Ukitaka ukali unaotosha kuvutwa hadi asilimia 100 kwenye megapikseli 45, unabaki na sentimita mbili au pungufu. Sentimita mbili ni kutoka kope hadi kona ya nje ya jicho. Bibi harusi akigeuza shingo kidogo, jicho la mbele liko ndani na la nyuma liko nje.

Sasa angalia ulivyozoea kupiga. Unalenga jicho kwa nukta ya katikati, unabonyeza nusu, unasogeza kamera kupanga picha, unabonyeza yote. Kusogeza kule, pamoja na mwili wako kuyumba mbele na nyuma, kunazila zile sentimita mbili. Kamera ya megapikseli 12 ilikusamehe. Hamishia nukta ya fokasi kwenye jicho lenyewe, au kama kamera yako inatambua jicho, iache itambue.

Baada ya hapo ndipo ukishuku kifaa chenyewe. Kwa kamera zenye kioo, fokasi ya kuchungulia kwa jicho inatumia njia yake tofauti na sensa, na njia hizo mbili zinaweza kutokubaliana. Kipimo: weka kamera kwenye stendi, fungua tundu lote, laza rula au futi ya fundi cherehani mbele yako kwa mshazari, ulenge namba moja. Piga mara tano kwa kuchungulia, kila mara ukiiharibu fokasi kwanza kwa makusudi. Kisha piga mara tano kwa skrini ya nyuma.

Za skrini kali, za kuchungulia butu: lenzi nzima, marekebisho ndiyo yanayohitajika. Kamera nyingi za daraja la kati na juu zina sehemu kwenye menyu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi. Za kijana zilikuwa zinaangukia nyuma sentimita mbili kila mara, kwa uaminifu kabisa. Tukasogeza namba kwenye menyu, tukapiga tena, tukasogeza tena, na mara ya nne namba aliyoilenga ikasimama kali kama imechongwa. Alinyamaza muda mrefu kidogo. Ile ndiyo lenzi aliyokuwa ameshaipigia picha ya kutangaza kuiuza.

Zikiwa zinaruka ovyo, moja mbele, moja nyuma, hapo marekebisho ya menyu hayatasaidia. Inaweza kuwa mwanga mdogo, inaweza kuwa mota ya lenzi imechoka. Rudia mchana nje kabla ya kuhukumu. Kamera zisizo na kioo hazina ugomvi huu wa njia mbili kwa kuwa zinapimia kwenye sensa yenyewe, lakini zile sentimita mbili hazimheshimu mtu.

Dalili: upande mmoja wa picha, au kona moja, ni butu kuliko nyingine

Sasa tunakaribia lenzi kweli. Ndani ya lenzi kuna vioo vingi vinavyopaswa kukaa kwenye mhimili mmoja. Ikianguka, au ikitoka kiwandani hivyo hivyo, kioo kimoja kinakaa upogo na upande mmoja wa picha unalegea. Kwenye megapikseli 12 unaweza kuishi nayo miaka usijue. Ndivyo ilivyokuwa kwa zumu ya kijana (lenzi inayovuta karibu na mbali), na alikumbuka, baada ya kuulizwa mara mbili, kwamba iliwahi kudondoka kwenye ngazi za ukumbi.

Tulibandika kurasa za gazeti ukutani, zile za matangazo ya zabuni kwa sababu maandishi yake ni madogo na hakuna atakayeumia zikichanika. Moja katikati, nne kwenye kona. Kamera kwenye stendi, usawa wa katikati, ikiutazama ukuta sawasawa. Tundu lote wazi, kisha f/5.6, kisha f/8.

Kona ya juu kushoto ikawa uji. Lakini usimalizie hapo, kwa sababu kamera ikiwa imekaa upande kidogo kwa ukuta utapata matokeo yale yale. Igeuze kamera juu chini, upige tena. Kama ubutu umebaki juu kushoto ya fremu, ingawa sasa pale pana gazeti jingine, basi ni lenzi. Kama ubutu umelifuata gazeti lile lile, ni ukuta au stendi yako iliyokaa vibaya. Kwa zumu rudia kwenye milimita za mwanzo, katikati na mwisho. Upogo unaweza kuonekana mwanzo na usionekane mwisho.

Hii haitengenezeki kwa menyu wala kwa programu. Fundi mwenye vifaa vya kupimia anaweza kuirudisha. Fundi mwenye bisibisi tu ataiongezea.

Dalili: kona zote nne butu, katikati safi

Ni tabia ya lenzi nyingi zikifunguliwa tundu lote, hasa za bei ya chini na zumu zilizokuja na kamera. Funga tundu hatua mbili. Lenzi ya milimita 50 f/1.8, ile ya bei rahisi ambayo kila mtu anayo, ikifungwa hadi f/4 au f/5.6 inatoa picha ambayo ungedhani imekodishwa. Zumu za 18-55 hupenda f/8. Kama kona zinapona, hakuna tatizo la kutatua. Na kwa picha ya uso wa mtu, kona za nyuma zikiwa butu nani atalia?

Mistari ya zambarau au kijani kwenye kingo za matawi na shela nyeupe juani ni ya familia hii hii. Programu nyingi za kusafishia picha zina kisanduku cha kuweka alama, inaondoka.

Dalili: picha yote imelegea sawasawa, hata kwenye stendi, hata fokasi ikiwa sahihi

Angalia namba ya tundu. Kama ni f/16 au f/22, umeipata.

Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na nukta inageuka duara dogo. Upana wa duara hilo kwa mwanga wa kijani ni kama mikroni 10.7 kwenye f/8, 21 kwenye f/16, na 29 na ushei kwenye f/22. Pikseli yako ina mikroni nne na kidogo. Kwenye f/22 kila nukta imemwagika juu ya pikseli sita au saba kwa upana, na lenzi ya milioni kumi inatoa picha sawa na lenzi ya laki mbili. Hapa lenzi nzuri haikusaidii hata kidogo, kwa sababu ni tabia ya mwanga wenyewe.

Huwakuta sana wanaopiga picha za kundi, ukoo mzima safu nne, wakaamua kufunga tundu hadi mwisho ili wote waingie. F/8 au f/11 inatosha, rudi nyuma hatua tatu. Na huwakuta wanaopiga bidhaa ndogo kama pete na hereni: ukisogea karibu sana, hadi pete kwenye sensa iwe na ukubwa wake halisi, f/11 inatenda kazi kama f/22. Mpiga picha wa vito mmoja alibadilisha lenzi mbili kabla ya kuambiwa hili.

Dalili: picha imefifia, weusi umekuwa kijivu, taa zina utando

Kabla ya yote futa kioo cha mbele. Naandika hivi kwa aibu kwa kuwa nimeshawahi kupiga kitchen party nzima na alama ya kidole cha mtoto katikati ya lenzi.

Kisha vua filta. Ile ya kinga, ya bei ya vocha, iliyofungwa siku ya kununua na haijavuliwa tena. Piga na filta, piga bila filta, taa ikiwa mbele yako. Nukta za kijani zinazoelea kwenye picha za usiku mara nyingi ni yake. Kwenye lenzi ndefu filta mbovu hupunguza hata ukali wa katikati.

Kama picha za mwanzo tu ndizo zenye ukungu na baadaye zikajisafisha, ni mvuke. Umetoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi ukaingia joto la nje, na hewa ya pwani imekaa kwenye kioo baridi. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa. Usiifute kila dakika, unasambaza tu.

Ukungu usioondoka ni hadithi ya huku kwetu Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Fangasi. Wanapenda giza, joto na unyevu, kwa maneno mengine wanapenda kabati lako. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, tazama kutoka upande wa pili kwa mshazari. Fangasi ni nyuzi nyembamba kama za buibui au mizizi midogo. Nyuzi chache ukingoni hutaziona kwenye picha. Utando mweupe uliotanda kioo kizima, huo utauona kila ukipiga kuelekea dirishani. Fangasi wakiachwa muda mrefu wanaula utando wa rangi ulio juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha alama inabaki.

Kinga ni rahisi kuliko chakula cha mchana: kontena la plastiki la kuhifadhia vyakula lenye mfuniko unaobana, na vipakiti vya silika. Mikoba ya ngozi ile ya kizamani itupe.

Dalili: ngozi kama nta, nywele zimeungana

ISO imepanda na kamera inafuta chenga yenyewe kwenye JPEG, ikifuta na nywele. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalisafisha), au punguza ufutaji huo kwenye menyu. Lenzi haihusiki.

Dalili: mistari ya upinde wa mvua kwenye suti au shati la vidoti vidogo

Hongera. Hii ndiyo dalili pekee kwenye orodha hii inayosema lenzi yako imeizidi sensa. Lenzi imepeleka undani mwembamba kuliko pikseli zinavyoweza kuhesabu, na sensa ikabuni rangi. Kamera nyingi za miaka ya karibuni hazina tena ile filta ya kulegeza picha mbele ya sensa, kwa hiyo suti za bwana harusi zinaonewa zaidi. Sogea hatua moja mbele au nyuma, au funga tundu hadi f/11 ili ule mtawanyiko tuliousema ukufanyie kazi kwa mara moja.

Dalili: mnyama wa mbali ni butu mchana, mkali asubuhi

Wapo vijana waliorudi kutoka Serengeti wakiilaani lenzi ya milimita 600. Saa saba mchana ardhi imewaka, hewa inapanda kwa mawimbi kati yako na simba, na lenzi inayapiga mawimbi. Piga picha kumi mfululizo: kama ukali unabadilika kutoka picha hadi picha na kingo zinacheza, ni hewa. Sogeeni karibu kama sheria za hifadhi zinaruhusu, au njooni alfajiri. Mwombe dereva azime injini pia, mtikisiko wake unapanda hadi kwenye kiti.

Dalili: simu ina megapikseli 108 na bado picha haifiki kamera ya megapikseli 12

Pikseli za sensa kama hiyo ni mikroni 0.8 hivi. Lenzi ya f/1.8, hata ikiwa kamilifu, inatoa duara la mikroni 2.4 kwa nukta moja. Pikseli tatu kwa upana, tisa kwa eneo. Na simu nyingi za aina hiyo zenyewe, bila kukuuliza, huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Mtengenezaji anaijua hesabu hii vizuri. Aliyeandika boksi alikuwa idara nyingine.

Dalili: kwako ni kali, mteja anasema ina ukungu

Uliituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Ilishushwa ikawa na megapikseli chache tu na kubanwa juu yake. Itume kama dokumenti, au mpe kiungo cha kupakua. Na kabla hujaanza ugomvi wa megapikseli na mteja wa kuchapa, kumbuka A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka megapikseli 9 kasoro, na A3 inataka 17 na ushei. Kamera ya zamani ya kijana ingeweza kuchapa albamu yote ile.

Umepita kote na bado ni butu

Stendi, skrini ya nyuma, fokasi ya mkono, f/8, mwanga wa kutosha, filta imevuliwa, kioo kisafi, na umelinganisha kwa ukubwa mmoja. Kama hapo picha bado imelegea, ni lenzi, nunua nyingine kwa moyo mweupe. Kijana alimaliza siku na hesabu hii: 85 nzima baada ya marekebisho, 50 haikuwa na kosa lolote, zumu ina kona moja iliyopinda. Aliamua kuibakiza zumu kwa picha za ukumbi kwenye f/8, kona ile ikae juu kushoto kwenye dari.

Miezi miwili baadaye akanipitia twende kutafuta zumu nyingine ya mkono wa pili. Twende nawe. Beba kamera yako mwenyewe, betri imejaa, na memori kadi ya kuondoka nayo. Dukani, tochi kwanza, pande zote mbili. Tikisa lenzi karibu na sikio, usikie kama kuna kinachogonga ndani ingawa imezimwa. Vizuia mtikisiko vingine hucheza kidogo, lakini mlio wa bati si wake. Toka nje hadi mlangoni, tafuta ukuta wa matofali au jengo lenye madirisha mengi ng'ambo ya barabara, piga kwa tundu lote wazi na f/8, kisha geuza kamera juu chini na upige tena. Vuta kona zote nne palepale kwenye skrini. Muuzaji akikuambia "hii ilikuwa ya mzungu, haina tatizo," endelea kuvuta kona. Tulikataa mbili siku ile. Ya tatu ilikuwa na mkwaruzo mbele ambao kila mteja kabla yetu aliukimbia, na kona zake zote nne zilisomeka hadi namba za simu kwenye bango la ng'ambo. Mkwaruzo ndio uliotushushia bei.